Simu ya Munyao Mbele ya Wakwe

Mwaka ule wa tisini na nane, kampuni ya kutembeza watalii ilimpa dereva wake Munyao simu ya mkono, nzito kama mche wa sabuni, pamoja na amri moja: isizimwe. Mtaa mzima wa Makongeni, nani mwingine alikuwa nayo? Munyao akavimba kichwa. Alikwenda nayo kanisani, akaenda nayo msalani, hata mkewe Nthambi akasema atakuja kuzikwa nayo.

Jumapili moja wakaja wageni kutoka Kariobangi. Simiyu, kijana wa kiwandani, alitaka kumwoa binti yao Wavinya, na mjomba wake, Mzee Nalianya, ndiye aliyeletwa kusema. Mambo hayakuwa mepesi. Binti Mkamba, kijana Mbukusu, na kila upande ulikuwa na shangazi wa kununa. Wavinya hakuwa amelala vizuri wiki nzima.

Mzee Nalianya akavua kofia, akasimama, akaanza kueleza ukoo wao. Ndipo simu ikalia.

Munyao angeweza kuiacha. Alilijua hilo pale pale, kwa hiyo asije mtu akamtetea. Mwenye nyumba akiinuka kabla mgeni hajamaliza neno lililomleta, ni kama amemwonyesha mlango. Mtu mzima hafundishwi hilo. Lakini mkono ulishazoea, na miguu ikafuata. Akatoka nje, maana ndani ya zile nyumba za shirika la reli walimoishi simu haikushika vizuri, akasimama chini ya dirisha.

Aliyepiga alikuwa mtalii mmoja hotelini, akiuliza kama Nakuru kesho kutakuwa na baridi. Basi, hilo tu! Na Munyao akamjibu kwa ile sauti yake ya kazi, tamu, ya kubembeleza, kisha akacheka kicheko kirefu. Dirisha lilikuwa wazi.

Aliporudi, Mzee Nalianya alikuwa ameketi, kofia kichwani. Chai ilikuwa haijaguswa.

"Endelea, mzee wangu," Munyao akasema.

"Nilikuwa nimemaliza," mzee akajibu kwa upole. Wakaaga.

Wavinya hakulia mbele ya baba yake. Alikusanya vikombe, akasema, "Baba, hata mimi hujawahi kunichekea hivyo."

Munyao aliwapeleka watalii wake Nakuru aibu ikimla njia nzima. Kila alipochekea swali lao alikisikia kicheko chake mwenyewe, na kila alipokisikia alijichukia. Baba wa msichana hawafuati wakwe kwao, kila mtu anajua. Hata hivyo, Jumapili iliyofuata alivaa suti, akamwachia Nthambi simu, akaenda Kariobangi.

Walimkaribisha vizuri. "Sema, Baba Wavinya, tunakusikia," Mzee Nalianya akamwambia. Na kweli walimsikia. Redio ikazimwa. Mama aliyekuwa akikaanga samaki akaepua kikaango, akaja kuketi. Hakuna aliyeinuka, hakuna aliyekohoa, mpaka Munyao alipomaliza kuomba msamaha, shati limelowa jasho. Afadhali wangemtukana.

"Tumekusamehe," mzee akasema. "Msichana ni mzuri. Tutarudi."

Munyao akashusha pumzi.

"Ila siku hiyo maneno yetu tutampa Mama Wavinya. Wewe usijisumbue kukaa, baba. Tunajua una kazi."

"Sawa, mzee," Munyao akasema, na hakuweza kumtazama usoni.