Pamba Iliyokosa Mnunuzi

Muthoki, mke wa Kiema, alikuwa jirani yetu upande wa chini, karibu na Kathonzweni. Mzungu alipoondoka, watu wengi hapa waliacha kuchimba mitaro ya kuzuia udongo, kwa sababu wakati wa ukoloni waliichimba kwa kulazimishwa. Muthoki ndiye aliyewarudisha wanawake shambani. Aliwaambia serikali sasa ni yetu na udongo ni wetu. Akaanzisha mwethya, kikundi cha kulimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, akakiongoza karibu miaka thelathini. Serikali ikisema pandeni miti, walipanda. Ikasema pamba, wakapanda pamba. Kadi yake ya chama cha siasa aliiweka pamoja na cheti cha ubatizo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kabla ya mvua za Oktoba, tuliitwa barazani. Afisa mkubwa kutoka wilayani alisema uchumi unabadilishwa. Serikali inajitoa katika biashara ya pamba, na kuanzia sasa mkulima yuko huru kumuuzia amtakaye.

Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Bodi ya pamba ya serikali, mnunuzi wetu wa pekee, ilikuwa imetusumbua sana, kila mwaka inaiita pamba yetu chafu. Tulidhani sasa wanunuzi watakuja wengi na kugombania magunia yetu kama wanavyogombania mbuzi siku ya soko. Muthoki alitunga wimbo wa shukrani papo hapo, wanawake wakauitikia huku wakicheza. Hata afisa aliinuka, akacheza kidogo.

Msimu huo Muthoki aliwaambia wanachama wapande pamba hata pale walipozoea kupanda mbaazi na kunde.

"Chakula tutanunua," alisema.

Ndila, mjane mwenye watoto wengi, alisita. Lakini kwa kuwa aliyesema ni Muthoki, alipanda.

Pamba ilikubali. Kufika mwezi wa saba mashamba yalikuwa meupe. Tulingoja wanunuzi, wala hakuna lori lililokuja. Mwishowe Muthoki aliomba punda wangu, tukapeleka magunia ya kwanza kwenye stoo ya ushirika, Ndila na wenzake wakitufuata. Mlango ulikuwa na kufuli. Kivuva, aliyekuwa karani wa stoo, alikaa nje akiuza nyanya.

"Kivuva mwanangu, tufungulie," Muthoki alisema.

"Mwaitu, mama yetu, nifungue nini? Hapa hakununuliwi kitu."

"Na bodi?"

"Si mliambiwa imejitoa?"

"Tuliambiwa tuko huru kuuza."

"Mko huru, mama yangu. Lakini nani ameambiwa anunue? Mashine za kuchambua pamba zimesimama. Watu wanavaa mitumba."

"Na wewe ulijua, ukanyamaza?"

"Ningesema saa ngapi? Mlikuwa mnacheza."

Muthoki alikaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Sijawahi kuona mtu mzima akiwa hivyo. Mimi mwenyewe nilishika kamba ya punda, nikasahau kwamba nimeishika.

"Kaa vizuri, kiongozi," Ndila alimwambia. "Jioni nitawapikia watoto pamba. Ni laini, itashuka hata bila maji."

Mwanamke mmoja alicheka, halafu akafunika mdomo.

Wiki hiyo Muthoki alifungua ghala lake. Mbaazi kidogo za mwaka uliotangulia alizigawa kwa wanachama. Kiema alipouliza watakula nini wao wawili, Muthoki aliendelea kupima. Ndila alipokea fungu lake na kumwambia wazi kwamba wamemtoa katika uongozi.

"Ni sawa," Muthoki alisema. "Na zamu yangu ya kesho uichukue wewe."

"Zamu haitolewi zawadi. Kesho ni kwako. Tutakuja."

Sikuamini. Lakini asubuhi walikuja wote na majembe yao, nami nikawaona kutoka kwangu. Muthoki alikwenda kusimama mwanzo wa mstari, mahali alipokuwa amesimama miaka yote. Ndila alimnyooshea kidole mwisho, penye wasichana walioolewa juzi. Muthoki akaenda. Alichimba bila kuinua kichwa mpaka jua likawa kali, akaanza kuegemea jembe.

Ndila aliacha jembe, akamletea uji kwenye kibuyu.

"Kunywa," alisema. "Usituangukie hapa, tuna kazi."

Muthoki alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa.