Nobu ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa na umeme. Uhuru ulikuwa bado mbichi, nami kijana wa Ujiji, mjukuu wa mtu aliyevuka ziwa kutoka Kongo, nikajiona nimefika mbinguni kwa kupewa kaptura ya kaki ya serikali. Nikashika mahali pasipostahili kushikwa nyuma ya mashine, nikajikuta chali. Afisa Habari wa Wilaya, mtu mfupi mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo unakata, hakuninyanyua. Alisubiri nikae vizuri, akasema:

"Umeme hauna undugu na mtu. Mkono mmoja ukifanya kazi, wa pili uwe mfukoni."

Nimezeeka na mkono mfukoni, na ndiyo maana niko hai. Vijana mnaobonyeza rimoti mkiwa mmelala kwenye kochi mtanicheka. Chekeni tu.

Kazi yangu ilikuwa fundi wa sauti wa gari la sinema la serikali, lililobeba filamu na hotuba za wakubwa. Tulikuwa na amplifaya ya taa, na sisemi taa za kuangazia, nasema vile vichupa vya kioo vinavyowaka vyekundu ndani. Uliiwasha ukaiacha ipate moto kwanza, kama chungu. Mbele ilikuwa na nobu za kuzungusha: moja ya maikrofoni ya kwanza, moja ya maikrofoni ya pili, moja ya santuri, na mbili za kurekebisha sauti nzito na sauti nyembamba. Hotuba haitaki uzito. Ukiacha sauti nzito juu, mheshimiwa ananguruma tu na watu hawapati neno. Unaipunguza, unapandisha ile nyembamba, na neno linafika mpaka kwa mama anayekaanga dagaa mwisho wa soko.

"Mtu wa nyuma akisema hasikii, kosa lako," alinifundisha yule Afisa. "Wa mbele akisema masikio yanamuuma, kosa lako. Mkubwa akiongea upuuzi, hapo sasa si kosa lako."

Nilimpenda mzee yule. Alipohamishwa nililia, na sioni haya kusema.

Sasa niwaambie kuhusu kuzungusha sauti, maana hilo ni langu, sikufundishwa na mtu. Spika zetu zilikuwa nne, za bati, zenye mdomo kama tarumbeta. Mafundi wengine walizifunga zote juu ya gari zikaangalia mbele. Pale Katonga, kwenye mwalo wa samaki, upepo wa ziwani ulikuwa unaichukua hotuba yote na kuipeleka milimani. Basi nikazishusha, nikazifunga kwenye miti minne kuzunguka uwanja, zote zikitazama ndani. Nikapunguza zile za nyuma kidogo ili maneno yasifukuzane. Ee bwana! Watu waligeuza shingo huku na huku wakimtafuta msemaji. Mvuvi mmoja aliniambia, "Fundi, leo serikali imenisemesha kutoka mgongoni!" Nilivimba kichwa wiki nzima.

Tatizo moja lilibaki. Maikrofoni ikiona mdomo wa spika, inapiga mluzi wa kupasua kichwa. Kwa hiyo maikrofoni zote mbili, ya kwanza ya mkubwa, ya pili ya raia, niliziweka mezani kwa wakubwa, nje ya mzunguko, nyuma ya migongo ya spika. Aliyesimama pale alijisikia mwenyewe tu. Sauti yake ikitoka au isipotoka uwanjani, hakuweza kujua. Mimi ndiye nilijua, kwa hedifoni niliyovaa. Na hedifoni ile waya wake ulitoka kabla ya nobu, ili nikague maikrofoni hata ikiwa imefungwa. Lishikeni hilo.

Miaka ikaenda, ukaja wakati wa watu kuhamishiwa vijiji vya pamoja. Nilipangiwa msafara wa kupanda milimani, kwa Waha waliokaa mbalimbali, nyumba huku, nyumba kule, michikichi katikati. Mkuu wa Msafara alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye miwani. Siku ya kwanza aliniita pembeni.

"Fundi, watu wetu wakipewa maikrofoni hawaiachi. Ukiniona navua miwani na kuifuta, nobu ya pili shusha. Polepole, asigundue mtu."

"Ndiyo, Mzee," nikajibu. Sikuuliza kitu. Nilikuwa na mke, mtoto na nyumba ya kupanga Buzebazeba.

Nilishusha mara nyingi. Wengine walikuwa walevi, wengine wana hoja nzito kuliko za mkubwa. Nobu haichagui.

Kisha tukafika kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Malori yangekuja kesho yake kubeba watu, na nyumba za zamani zingechomwa ili mtu asirudi nyuma. Mkuu akauliza kama kuna mwenye shida. Akaja mama mmoja, mtoto mgongoni, miguu ina matope. Walimwita Mama Buchumi. Alishika maikrofoni ya raia kwa mikono miwili kama anayeshika kibuyu cha maziwa.

Akaanza kwa salamu ndefu za Kiha. Mkuu akavua miwani.

Nikashusha. Uwanjani kukawa kimya, watu wakadhani bado anasalimia kwa unyenyekevu. Lakini masikioni mwangu alisikika wazi kama mtu aliye chumbani nami.

"Nyumba yangu ni ile ng'ambo ya kijito, peke yake. Ndani yupo mume wangu. Alianguka kutoka mchikichini, paja limevunjika, hawezi kutambaa. Mimi sasa hivi nateremka Katonga kumwita mdogo wake aje tumbebe. Kesho mkianza, nyumba yangu msiiguse. Ndani kuna mtu."

Mkuu alikuwa ameinama kuzungumza na Katibu Tarafa. Alipoona midomo ya mama imetulia, alivaa miwani, akasema kwa ile maikrofoni yake iliyo wazi, spika zote nne:

"Tumekusikia, mama. Ahsante sana."

Watu wakapiga makofi. Mama Buchumi akapiga goti, akashika njia ya kuteremka ziwani. Aliondoka ametulia kabisa.

Nilipokuwa nakunja nyaya nilimwendea Mkuu. Wallahi nilimwendea. "Mzee, yule mama alisema kwamba..."

Akanikatiza, taratibu, bila kupandisha sauti. "Alisema? Ulimsikiaje, na wewe ulikuwa umeshusha?"

Aliiangalia hedifoni shingoni mwangu. Fundi wa wilaya jirani alikuwa amefukuzwa juzi tu kwa kuambiwa anasikiliza mambo ya wakubwa.

"Sikusikia kitu, Mzee," nikasema.

"Vizuri."

Nikajipa moyo. Nikasema majirani wanajua. Nikasema balozi wa nyumba kumi atapita. Mwoga hakosi maneno ya kujibembeleza.

Kesho yake niliamriwa nipige santuri za kuchangamsha watu wakati wanapakia. Spika nne, mzunguko ule ule wangu, nobu ya santuri mpaka mwisho. Watoto walicheza. Mgambo wakapita na mienge, nyumba hadi nyumba, wakavuka kijito. Nikawaona wanavuka. Mkono wangu ulikuwa kwenye nobu. Ningezima tu, mtu yeyote angemsikia yule bwana akipiga kelele, maana bonde lile linabeba sauti, nililipima mwenyewe asubuhi. Sikuzima. Paa la nyasi halichukui muda.

Walipomkuta yule bwana majivuni, Mkuu alisikitika kweli. Aliuliza mbele ya watu, "Kwa nini hakuna aliyesema?" Nami nikatazama chini kama wenzangu.

Siku chache baadaye Mama Buchumi alikuja ofisini kwetu mjini, pamoja na shemeji yake mvuvi. Hakulia. Aliniamkia, akauliza:

"Baba, wewe si ndiwe mwenye mashine? Nilisema. Mkubwa akajibu wamenisikia. Sasa watu wote wananiambia hawakusikia neno. Mashine iliharibika?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Iliharibika."

Akanishika mkono. "Pole, baba," akaniambia. "Chombo ni chombo." Akanipa pole mimi!

Nikaendelea na kazi mpaka nikastaafu. Nilipandishwa cheo mara mbili, nikapewa cheti chenye mhuri. Nilifundisha mafundi sita, wote mkono mfukoni. Hayo ndiyo mnayotaka kuyasikia kwa mzee, na ni ya kweli.

Juzi hapa mwanangu Zuhura, anayekaa Gungu, kanunua risiva ya nyumbani yenye spika tano na boksi la kunguruma, la sauti nzito. Akaniita niipange, nikafurahi kama mtoto. Nikaweka mbili mbele, mbili nyuma, moja katikati chini ya televisheni. Nikamwonyesha namna zake: ukisikiliza muziki weka ya spika mbili, ukitazama filamu weka ya mzunguko. Nikamweleza kwamba kila spika ina kipimo chake, na ile ya katikati ndiyo hubeba mazungumzo ya watu.

Zuhura akabonyeza-bonyeza rimoti. Ghafla ngoma za filamu zikatuzunguka pande zote, magari yakatupita mgongoni, na pale kwenye kioo mwanamke akawa anafungua mdomo, hatoki neno.

"Baba, imeharibika?"

Ilikuwa nzima. Alikuwa ameishusha ile ya katikati mpaka chini. Nikaipandisha, nikachukua kofia yangu, nikaondoka. Kesho yake nikapanda basi la milimani.

Mama Buchumi yupo. Amekonda, lakini macho makali. Alinikaribisha kwa furaha, akawaambia wajukuu, "Huyu ndiye yule fundi ambaye mashine yake iliharibika. Mwamkieni." Akaniletea sahani ya ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka. Nilikula matonge mawili, kisha nikamwambia yote. Miwani, nobu, hedifoni, santuri.

Halafu akauliza:

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Nilisemaje?"

Nikamwambia, kuanzia nyumba ya ng'ambo ya kijito mpaka mwisho. Ndani kuna mtu.

"Ego, ndiyo," akasema. "Ndivyo nilivyosema." Akatazama mikono yake. "Miaka yote hii nilikuwa najua hakuna aliyenisikia. Hilo ndilo lililokuwa likinipa usingizi."

Nikaanza kuomba msamaha. Aliinuka kwa shida, akainama, akaichukua ile sahani mbele yangu na chakula kikiwa bado kinatoa moshi, akaingia nayo ndani.