Kipezi cha Kambale

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kando ya ziwa pale Katwe, jua bado lipo, na pombe siinywi.

Nilimwoa Masika, mjane aliyetoka Beni, ng'ambo ya mpaka, anayepeleka samaki sokoni Bwera. Mume wake wa kwanza, Kambale, alizama ziwani, akaacha boti na injini. Nilimsihi Masika tuviuze, akakataa. "Injini ya Kambale haijamwangusha mutu," akasema. Injini ya Kambale! Mafuta nanunua mimi, plagi nabadilisha mimi, lakini sifa anachukua marehemu. Niliona wivu, sifichi. Wewe ungefurahi?

Tena injini yenyewe ilinikataa. Ukisukuma mpini wa usukani upande mmoja, laini. Upande wa pili, mzito mpaka bega linawaka. Nikatia grisi pale injini inapozungukia. Nikalegeza skrubu inayokaza usukani. Wapi! Jioni nikijisugua bega, Masika ananiambia Kambale aliiendesha kwa vidole viwili.

Basi siku moja, kabla ya magharibi, nilikuwa nimeinua injini nikiichunguza. Mwanamume akaja akitembea ndani ya maji, usawa wa kiuno, pale wanapolala viboko. Nikamfokea atoke. Hakujali. Akagusa kile kipezi kidogo cha chuma kilicho juu ya propela.

"Inavutaka fasi moya, si njo vile?"

Nikasema ndiyo, inavuta upande mmoja.

"Ni mi nilikunja haka. Bibi yangu anaikalaka kuume na bitunga ya samaki, boti inalala kule, haka kanairudisha. Bibi yako anaikalaka wapi?"

Nikamjibu, mbele. Tangu tuoane, Masika hukaa mbele kabisa, amenipa mgongo.

"Basi nyoosha," akasema kwa upole. "Ile fasi ya kuume haiko yako."

Niamini, ndipo nilipoona shati lake. Lilikuwa kavu, na suruali pia, kavu kabisa! Nikamuuliza jina. Akageuka akaelekea kwenye kina, maji yakamfunika kichwa, na viboko hawakutikisa hata sikio.

Mwingine angekimbia. Mimi nilishika spana kwa hasira, nikakinyoosha kipezi. Mtu amekufa, bado ananipangia mke wangu akae wapi? Nikaijaribu boti peke yangu, ikawa laini pande zote.

Kesho yake nikamwambia Masika, njoo ukae nyuma, kuume, karibu nami. Akashtuka. "Nani alikuambia ile fasi?" Nikawasha injini. Akakaa. Papo hapo mpini ukawa mzito, nikauvuta kwa mikono miwili jasho likinitoka. Na mke wangu, ambaye sijawahi kumwona akicheka botini, akachovya mkono majini akatabasamu. Hakuwa ananitazama mimi.

Mpaka leo anakaa pale pale. Nikimrudisha mbele, mpini unalegea, lakini nyumbani Kabatoro haniongeleshi. Fundi wa Kinyamaseke amefungua kila kitu, haoni kosa. Na kukikunja tena kipezi kama alivyokikunja Kambale, hilo sikubali. Bega langu moja limekuwa kubwa kuliko jingine, watu wananitania.

Kwa hiyo wewe unayechumbia mjane wa mvuvi, usiulize ameachiwa mali gani. Muulize alikuwa akikaa upande gani wa boti.