Hafidhi na nukta sita

Mwaka 2010 Hafidhi wa Wete alifika Doha kwa kazi ambayo jamaa zake walidhani ni mzaha: kupokea simu katika hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd. Alikuwa haoni tangu alipougua surua utotoni, lakini sauti akiisikia mara moja haimtoki, na nambari za vyumba vyote alizimeza kwa wiki mbili tu.

Asubuhi meza ile ya simu ilikuwa ya Warda, Mzanzibari aliyezaliwa na kusomeshwa Muscat, naye pia haoni. Hawakuwahi kukutana. Basi la wafanyakazi lilimchukua Warda saa nane kasorobo, Hafidhi akiingia saa nane, na ile robo saa simu alizishika Akinyi wa mapokezi. Kwa hiyo Warda alimwachia maagizo kwa nukta nundu.

Karatasi ya kwanza ilimtoa jasho vidoleni. Herufi nyingi alizijua, na lugha ilikuwa Kiswahili, ila kila baada ya herufi moja mbili palikuwa na mkato. Mkato, mkato, mkato!

"Masikini dada wa watu," alimwambia Akinyi. "Anaandika huku anahema. Nadhani ana pumu."

Mahali pengine alisoma "semu mbele". Akadhani ni sehemu ya mbele, akatoka, akaipapasa kaunta yote ya mapokezi mpaka akashika pua ya mgeni. Kumbe ni simu mbili zilizoharibika, nazo zikabaki vivyo hivyo.

Lakini lililomkosesha raha ni neno la juu kabisa. Kila siku lilikuwa hilo hilo: "Wafe". Kisha nukta zote sita. Shuleni kwao mtoto akikosea alirudi nyuma, akabonyeza vitufe vyote sita vya mashine ya nukta kwa mpigo. Nukta sita maana yake nimefuta.

"Wafe nani?" aliuliza. "Ananiapiza, halafu anaona haya, anafuta!"

"Si umpigie umuulize?" alisema Akinyi. "Wewe kazi yako ni simu, ama?"

Mtu aliyeunganisha watu na Manila, Kairo na London mchana kutwa akaanza kupangapanga karatasi mezani. Akinyi akapiga yeye, akamgandamizia mkono wa simu sikioni.

"Assalamu alaykum, dada Warda. Samahani, nimekukosea nini?"

"Waalaykumu ssalamu. Unikosee vipi, kaka, hata sijakuona!" Akacheka. "Wala sitakuona."

"Mbona basi unaandika wafe, kisha unafuta?"

"Nisomee, herufi kwa herufi," alisema Warda.

"Nukta ya kwanza, ya tano na ya sita. Kwa nukta za Kiingereza nilizosomea ni wh, nami nikaisoma w."

"Kwetu Muscat tunaandika kwa nukta za Kiarabu. Hiyo ni ha, ile ya kooni."

"Kisha a. Kisha f. Kisha e."

"Hiyo si e, ni i yetu."

"Halafu nukta sita, umefuta."

"Sijafuta! Hiyo ni dhaa! Dhaa ya dhuhuri, dhaa ya nadhifu! Hafidh! Nimeandika jina lako, mja wa Mungu!"

"Na mikato?"

"Mikato gani? Zile ni a fupi!"

"Mimi nimetangaza hoteli nzima kwamba una pumu."

Basi Warda alicheka, akacheka, na safari hii kweli akahema. Hafidhi aliteleza kitini. Taa za simu ziliwaka safu nzima. Mgeni aliyeomba taulo alimsikia mtu akilia kwa furaha, akauliza kama kuna harusi.

Ijumaa iliyofuata Warda akaletwa na kaka yake, Nassoro, kwenye mkahawa mmoja. Hafidhi alikuja na rundo la karatasi. Waliwekeana vidole juu ya nukta, huyu anasema hiki, yule anasema kile, na kila walipogongana walicheka upya, chai ikapoa.

"Nyinyi mnacheka nini kwenye karatasi tupu?" Nassoro aliuliza.

"Shemeji, kaa tu," alisema Hafidhi, kisha akashtuka kwa alichokitamka. Warda hakumsahihisha.

Ndoa ilifungwa mwaka uliofuata, sebuleni kwa Nassoro, mtaa wa Najma. Akinyi alipiga vigelegele hata jirani Mhindi akaja mbio kuuliza kuna nini, akashikishwa sahani ya biriani, akakaa mpaka magharibi.