Alama Sita za Mama Mkwe

Mimi nina ugomvi na madodoso, na nasema mapema ili msomaji ajue yuko na mtu wa namna gani. Nazungumzia yale maswali ambayo kampuni za gemu hukutupia usoni pale pale unapoanza kufurahia. Umeridhika kiasi gani? Ungependa tuongeze nini? Chagua uso unaofanana na hisia zako. Nyuso zenyewe zimepangwa kuanzia aliyenuna mpaka anayecheka macho yamefumba, na sijawahi kuona hata mmoja wa mtu aliyechoka kuulizwa.

Nisingekuwa na habari na mambo haya kama si mama mkwe. Alikuja kwetu huku ughaibuni, Lewisham, kutoka Singida baada ya baba mkwe kufariki, kwa sababu mke wangu aliapa kwamba mama yake hatabaki peke yake kwenye nyumba ile. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na hata sasa akisimama mlangoni unajikuta umekaa vizuri. Mke wangu ni muuguzi, zamu zake hazitabiriki. Mimi nipo ofisi ya bima kule Croydon, lakini siku nyingi kazi naifanyia nyumbani, kwenye meza ya jikoni. Kwa hiyo mtu wa kushinda na mama mkwe alikuwa ni mimi, na hapo ndipo penye kazi.

Kwa kina mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Si uadui hata kidogo, ni heshima. Hamtazamani machoni, hamkai mkapiga soga, na mkiwa na jambo mnalipitisha kwa mtu wa tatu. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mtu akinyamaza muda mrefu watu wanauliza kama ameshikwa na homa. Nilioa zamani, na tangu wakati huo mazungumzo yangu yote na mama mkwe yalikuwa shikamoo na marahaba, mimi nimeinamisha kichwa, yeye amejitanda kanga. Mke wangu akiwepo, yeye ndiye anapitisha maneno. "Mwambie mwenzio chai tayari," mama anasema, na mimi nimesimama pale pale, tangawizi naisikia puani. Mke wangu asipokuwepo, mama anazungumza na birika la umeme. "Maji yamechemka," analiambia birika. Nami nalijibu dirisha: "Asante, mama."

Binti yetu, kabla hajaenda chuo, akamwekea bibi yake gemu ya shamba kwenye tableti ili asinyong'onyee. Unalima, unamwagilia, unafuga kuku, unavuna. Akaniwekea na mimi kwenye simu, akatuunganisha tuwe majirani, maana gemu ile inataka kila mwenye shamba awe na jirani. Kati ya shamba na shamba kuna lango. Ukipita langoni unaweza kumwagilia mimea ya mwenzio, na unaweza kumwachia ujumbe. Binti aliyafanya yote hayo akiwa amesimama, kisha akaenda kufunga mabegi yake.

Ujumbe wa kwanza niliupata nikiwa kwenye tramu naenda ofisini. "Jirani, nyanya zako zina kiu." Nilidhani ni gemu yenyewe inanisumbua, halafu nikatanabahi kwamba gemu haijui Kiswahili. Alikuwa mama mkwe. Nikajibu kwa adabu zote: "Asante jirani, nitazimwagilia nikifika." Jibu likaja hapo hapo: "Ukifika saa ngapi? Nyanya hazijui habari za tramu." Nilicheka kwa sauti, mpaka mwanamke mmoja aliyekaa mkabala nami akausogeza mkoba wake karibu.

Humo ndani ya gemu mama mkwe alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa mtani, mdadisi, mwepesi wa kukosoa. Aliniuliza kwa nini nimejaza maua mahali pa mahindi, kwani mke wangu ameacha kupika ugali anapika waridi? Alinisimulia jinsi baba mkwe alivyokuwa akiimba vibaya kanisani, kwa sauti kubwa, naye anaona haya kwenye benchi la kina mama, na jinsi ambavyo sasa angetoa chochote aisikie sauti ile mbaya. Mimi nikamweleza kwamba ofisini kuna minong'ono ya kupunguza watu, na kwamba chakula cha asubuhi sikigusi. Hilo nilikuwa sijamwambia hata mke wangu. Akaandika: "Kula kwanza, jirani. Ugali upo kwenye sufuria ya bluu." Aliyaandika hayo akiwa sebuleni, ukuta mmoja tu kati yetu.

Tukikutana jikoni, hatukugusia lolote. Yeye kwa birika lake, mimi kwa dirisha langu. Lakini nilikuwa najua alichokuwa akifikiria, naye alijua changu, na nyumba ilikuwa na raha ambayo haikuwemo kabla. Nilimpenda yule mama. Sina haja ya kulizungusha.

Sasa hayo madodoso. Yalikuwa yanachomoza katikati ya mavuno, wakati kuku wanadai chakula na mahindi yanakaribia kuoza. Swali moja linauliza mambo mawili kwa mpigo: je, gemu ni ya haraka na inapendeza? Kama inapendeza lakini inakwama kama punda mkaidi, unajibu nini? Jingine linataka kujua kati ya mashindano, zawadi na mapambo kipi kinakuvutia zaidi, na kama hakuna hata kimoja, shauri yako, chagua. Kwenye umri, sanduku la mwisho linaanzia hamsini na tano, likamweka mama kapu moja na kaka zangu ambao bado wanacheza mpira. Mimi nilikuwa nabonyeza chochote ili niendelee na shamba langu. Mama hakuwa hivyo. Kwake yeye swali lililoandikwa ni mtihani, na mtihani haukimbiwi. Alivaa miwani, akaweka chai pembeni, akasoma kila mstari kwa kunong'ona.

Kila dodoso lilikuwa na lile swali lao kipenzi: kati ya sifuri na kumi, ungempendekezea rafiki yako gemu hii kwa kiwango gani? Mama alitoa sita. Nililijua hilo kwa sababu aliniandikia mwenyewe, kwa fahari: "Leo nimewapa sita. Wanajitahidi."

Mimi nilishika kichwa. Swali lile lile tunalitumia ofisini kwa wateja wa bima, kwa hiyo najua linavyohesabiwa. Tisa na kumi, anakupenda. Saba na nane, hahesabiwi, kama vile hakusema kitu. Sita kushuka chini, huyo ni mtu anayekusema vibaya huko nje. Sijui nani alikaa akaamua hivyo, ila hakusomea shule za Singida. Kwenye darasa la mama, kumi haikuwa ya mtoto yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Sita kwa wino mwekundu, na neno "umejitahidi" pembeni, ilikuwa ni ya kukimbia nayo nyumbani. Kwa hiyo kila alipowasifu kwa moyo wake wote, kampuni iliandika kwamba bibi huyu anaichukia gemu.

Nikajaribu kupitia langoni. "Jirani, wakikuuliza, wape kumi."

"Kumi kwa lipi? Kuku wao hawalali. Nimefuga kuku maisha yangu yote, sijaona kuku wa namna hiyo."

"Ndivyo wanavyohesabu hawa watu. Ukiwapa sita ni kama umewatukana."

"Basi wamelelewa vibaya," akaandika, akaenda kuvuna vitunguu.

Nilimpigia binti simu kuomba ushauri. "Dad, just tell her to press ten," akasema. Nimwambie vipi abonyeze kumi? Mkwe mzima nikamsimamie mama mkwe, tena mwalimu, nimfundishe kusahihisha? Binti akacheka, akasema ana kipindi.

Halafu likaja dodoso lenyewe, lile lililoninyima raha. Kampuni ilitangaza kwamba inatafakari mustakabali wa lango la majirani, na kwamba ingependa kusikia kutoka kwetu kabla ya kuamua. Nikaisoma taarifa ile zaidi ya mara moja. Mustakabali ni neno ambalo hata ofisini kwangu likitajwa, watu wanaanza kutafuta kazi nyingine. Lango likifungwa, mimi na mama tunarudi kwenye birika na dirisha. Niliogopa kweli, mtu mzima na ndevu zangu, nikiogopa kunyang'anywa gemu ya kuku.

Nikalifungua dodoso. Unanufaika na nini zaidi kwenye lango: zawadi, kuvuna haraka, au kushindana na wengine? Kuzungumza hakukuwemo. Likafuata jingine: unacheza na nani? Mwenzi, mtoto, rafiki, mtu nisiyemjua. Chagua mmoja. Nikabonyeza rafiki, nikagawa kumi kila mahali kama mgombea anayegawa fulana, na kwenye kile kinafasi cha mwisho cha maoni, ambacho hakitoshi hata salamu, nikawaandikia kwa Kiingereza wasilifunge, tafadhali.

Simu ikalia. "Jirani, upo?"

"Nipo."

"Hapa wananiuliza nacheza na nani. Wewe sikuoni."

"Weka rafiki, jirani."

Nilimsikia akikohoa sebuleni, kisha nikasikia miwani ikiwekwa mezani, kisha ikichukuliwa tena. Ujumbe ulipokuja ulikuwa mrefu kuliko kawaida yake.

"Jirani naandika kwa sababu gemu ndivyo inavyotuita. Rafiki siwezi kuandika. Wewe ni mkwe wangu, mume wa mwanangu. Siwezi kudanganya kwenye mtihani."

Tangu tuanze, hakuwahi kuniita hivyo mle ndani. Tulikuwa tumejificha vizuri nyuma ya ule ujirani, na sasa ametoka hadharani kwa ajili ya swali la kijinga. Nikaandika: "Basi weka mtoto." Nikalifuta kabla halijaenda, kwa haya. Lakini ndilo nililotamani achague, na mpaka leo najuta kidole changu kilikuwa chepesi kufuta.

Alijaribu kulivuka swali, dodoso likagoma. Halikubali kwenda mbele bila jibu. Akajaribu tena. Mwishoni akaizima tableti, akaenda kukunja nguo, na kwa kampuni ile ikawa hakuna mtu aliyekuja. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtu aliyelihitaji lango kuliko wote ndiye aliyezuiwa kwenye swali la pili, na sidhani kama alikuwa peke yake. Nani anajua ni mashemeji na mawifi wangapi, wajomba na watoto wa ndugu, wamesimama mbele ya masanduku yale manne wakakosa pa kuingia, wakaenda zao.

Majibu yalitoka baada ya muda. "Tumewasikiliza," walianza, na mimi nikajua tumekwisha. Tulikuwa tumewaambia, ati, kwamba tunataka mashindano zaidi. Lango litafungwa. Niliwaandikia barua pepe ndefu yenye maneno ambayo sikujua ninayo. Nikajibiwa na mashine, na chini ya shukrani zake kulikuwa na dodoso: umeridhika kiasi gani na huduma yetu leo? Nikachagua aliyenuna.

Siku ya mwisho ya lango, mama alipita shambani kwangu tangu asubuhi. Alimwagilia kila kitu, hata yale maua aliyoyadharau. "Nimemaliza kote," akaandika. "Kesho nyanya za huko mwisho usizisahau." Nikamshukuru. Tulitaka kuagana, nadhani, lakini utaagana vipi na mtu ambaye jioni mtapishana naye koridoni? Nilipofungua simu kesho yake palikuwa na ukuta wa mawe mahali pa lango, na mchoro wa kikombe cha ushindi.

Mke wangu alikuwa zamuni. Nilikaa mezani na kazi yangu, nikisoma sentensi moja bila kuielewa. Mama akaingia jikoni, akajaza birika maji, akaliwasha, akalisimamia. Lilipozima aliliambia, "Maji yamechemka." Nikaliambia dirisha, "Asante, mama." Basi tena, nikajisemea, ndiyo imekuwa hivi.

Hakutoka. Nilisikia kanga ikitelezeshwa kutoka kichwani mpaka mabegani.

"Mkwe wangu," akasema.

Nikainamisha kichwa, kama nilivyozoea.

"Niangalie, baba."

Nikamwangalia. Alikuwa na macho ya mke wangu, jambo ambalo miaka yote hiyo sikuwa nalijua. Akaishika mikono yake pamoja.

"Mimi nimekuzoea," akasema. "Sasa siku nzima nitakaa na nani?"

Nikainuka, nikaondoa makaratasi kwenye kiti cha pili, nikamvutia.

"Kaa na mimi, mama."