Pini kwenye Unyayo

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi cherehani kwa miaka thelathini sasa, na ubishi wake una umri huohuo. Maumivu ya mgongo yalipoanza kumshuka hadi mguu wa kulia, alisema ni kiti. Akabadilisha viti vitatu. Mwaka mzima alikanyaga cherehani amekaza meno, mpaka dada akamburuta hospitali, akachomwa sindano ya mgongo. Nesi akampa karatasi ngumu, akamwambia aisome akifika nyumbani. Asome wapi! Fundi akiona karatasi ngumu huona kielelezo cha kukatia kola.

Siku ya tatu aliingia kazini akipiga mluzi.

"Mguu umekoma, shemeji. Kimya kabisa. Mlisema mimi mbishi."

Mimi, msaidizi wake, nilikuwa nashona vifungo, nikacheka naye. Kicheko kile najilaumu kwacho mpaka leo.

Kufika adhuhuri, cherehani ilikuwa inakwenda na kukwama, na mshono wake umepinda. Alisema mkanda umelegea. Nikainama chini ya meza kuutazama. Mkanda ulikuwa umekaza. Ila kandambili ya kulia ilikuwa imemvuka, na pini imezama kwenye unyayo mpaka kichwani. Damu ilishaganda juu ya kanyagio.

"Shemeji, unasikia kitu mguuni?"

"Nisikie nini? Si nimekwambia kimya?"

Niliichomoa. Hakushtuka hata kidogo, akaendelea kumsema mteja anayenenepa kila wiki. Mimi niliogopa.

Ndipo nikaikumbuka karatasi ya nesi. Ilikuwa inaning'inia msumarini pamoja na vielelezo vingine, imekatwa kola safi kabisa. Maneno yaliyosalia yalisomeka hivi: "ganzi, mguu kulegea au mkojo kugoma, rudi hospitali siku hiyohiyo, usisubiri."

"Shemeji, mara ya mwisho umekojoa lini?"

"Ndiyo maswali ya kumuuliza mkubwa wako hayo?" Akaweka mkasi mezani, polepole. "Jana," alisema. "Jana asubuhi."

Nilimpigia dada simu aje na teksi. Fundi akashika meza kwa mikono miwili, akainuka. Mguu wa kushoto ulimfuata. Wa kulia ulibaki juu ya kanyagio.

Akautazama. Mbishi yule, ambaye hakuwahi kumbembeleza mtu, aliuinamia akasema kwa sauti ya chini, "Twende basi."

Haukwenda.