Koti la Daktari Upele

Mtaani walimwita Daktari Upele, naye hakuchukia, maana ndiyo kazi aliyoifanya miaka ishirini: ng'ombe wanaojisugua kwenye nguzo, mbuzi wanaonyonyoka, mbwa wanaokosa usingizi kwa kujikuna. Alikuwa na mdomo, tena si mdogo. Kila mfugaji alisomewa sheria zake mbili: usipake dawa kabla ya kipimo, na nguo ya zizini isiingie nyumbani. Hiyo ya pili aliihubiri akiwa ndani ya koti lile lile ambalo jioni angelitupia kwenye kiti cha sebuleni, kiti anacholalia paka wa mama mkwe wake.

Paka huyo akaanza kuota vipara. Viwili sikioni, kimoja mkiani, vya mviringo kabisa. Mama mkwe hakusubiri kipimo cha mtu. Alimwona mbwa wa jirani yao, mzee mshona viatu, akijisugua ukutani, na kwake kesi ikaishia hapo. Akapeleka mashtaka kwa mwenye nyumba, mwenye nyumba akaamua: Jumamosi mbwa aondoke. Mshona viatu hakubisha. Tangu afiwe na mkewe, mbwa huyo ndiye aliyebaki wa kuzungumza naye, lakini alianza kimya kimya kumtafutia mtu wa kumchukua. Jambo hilo lilimuuma daktari kuliko alivyotaka kukiri.

Ijumaa alimkwangua mbwa ngozi kwa wembe butu, akatazama kwenye hadubini. Hakuona kitu. Shida ya mbwa ilikuwa viroboto, nao walijaa kiunoni. Kisha akang'oa manyoya machache pembeni mwa kipara cha paka. Haya yalikuwa yamezingirwa na mbegu za kuvu. Choa. Aliijua vizuri, mwezi mzima alikuwa akiwatibu ndama wa shamba la maziwa choa hiyo hiyo. Hapo ndipo alipovikumbuka vipele vya joto vilivyokuwa vikimwasha chini ya mkanda. Akafunga mlango, akapandisha shati. Havikuwa vipele vya joto. Lilikuwa duara moja, jekundu ukingoni, limenawiri.

Akinyamaza, heshima yake kwa mkwewe itabaki na mbwa ataondoka. Alilala na hesabu hiyo, akaamka nayo.

Jumamosi walikutana uani: mwenye nyumba, mama mkwe na paka wake, na mshona viatu ameshika kamba ya mbwa.

"Haya, mwanangu, waambie," alisema mama mkwe. "Wewe ndiye mtaalamu."

"Mbwa ana viroboto tu, mama. Paka ana choa, na choa yenyewe imetoka kwa ndama."

"Ndama gani? Humu ndani tunafuga ndama?"

"Imekuja na koti langu. Hata mimi ninayo."

Mama mkwe alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, bila haraka. "Na ndugu zangu uliwavulisha viatu mlangoni, eti wasituletee magonjwa," alisema. "Nami nikazunguka mtaa mzima nikikusifia."

Mwenye nyumba alikohoa ili asicheke, kisha akasema mbwa abaki. Mshona viatu macho yalimlowa, na daktari akajisikia mwepesi, aibu na yote. Akasogea, akanyoosha mkono ampapase mbwa kichwani. Mshona viatu akaivuta kamba upande wake, taratibu, kwa adabu zote.

"Niwie radhi, daktari," alisema. "Mpaka upone."